Ballistol, WD-40, Brasso au pedi ya kijivu: ipi iondoe kutu kwenye bastola ya stenlesi?

Kwa bastola ya stenlesi yenye madoa ya kutu ya juu juu, nunua mafuta ya Ballistol kwanza, pamoja na brashi ya nailoni na kitambaa cha pamba. Polishi ya metali ije baadaye, tena kwa chembe ndogo. Pedi ya kijivu ya Scotch-Brite ni nzuri sana kwa aina moja ya uso na inaharibu nyingine zote. WD-40 ina kazi yake, ila si ile ambayo wengi wanaipa. Brasso ibaki kwenye vitasa vya milango. Hukumu ndiyo hiyo, lakini soma sababu kabla hujaenda dukani, maana bidhaa iliyosafisha bastola ya mwenzako inaweza kuacha kwenye yako baka la kung'aa lisilofutika.

Kwa nini stenlesi ishike kutu

Stenlesi ya bastola si stenlesi ya sufuria. Sufuria na sinki nzuri ni za daraja la 304, lenye kromiamu kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Vifaa vya mashua ni vya 316, ambayo imeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3 ili istahimili chumvi ya bahari. Mitutu na slaidi nyingi za bastola (slaidi ni kile kipande cha juu kinachovutwa nyuma) ni za 416 au ndugu zake wa kundi la 400: kromiamu asilimia 12 hadi 14, nikeli kidogo sana au hakuna kabisa. Watengenezaji huchagua kundi hilo kwa sababu linakubali kugumishwa kwa moto, jambo ambalo 304 haikubali. Halafu 416 hutiwa salfa, asilimia 0.15 au zaidi, ili ikatike vizuri mashineni. Salfa hiyo hubaki ndani ya chuma kama punje ndogo za salfaidi ya manganizi, na chumvi ikifika juu ya uso, kutu huanzia hapo.

Kundi la 400 hunaswa na sumaku. Wale waliozoea kupima sufuria kwa sumaku sokoni wasiseme bastola yao ni bandia. Kwa silaha kipimo hicho hakisemi chochote.

Kinachoilinda stenlesi ni utando wa oksidi ya kromiamu wenye unene wa nanomita chache tu. Ukikwaruzwa hujirudia wenyewe mradi hewa inafika na uso ni safi. Jasho na upepo wa bahari huleta kloridi, nayo huupasua. Mahali pasipofikiwa na hewa, utando haujirudii. Ndiyo maana ukifungua vipande vya mpini, hasa vya mpira, unakuta madoa chini yake wakati nje panang'aa. Sehemu nyingine za kukagua ni kuzunguka skrubu, chini ya kilengeo cha nyuma, kwenye mashina ya mistari ya kushikia slaidi, na kwa bastola za silinda, pale kijiti cha kutolea maganda kinapoingia.

Chanzo kingine ni chuma cha kigeni. Mtu anasugua bastola kwa stilwuli ya jikoni au brashi ya waya wa chuma cha kawaida, inang'aa, anafurahi. Vipande vya chuma visivyoonekana kwa macho vimebaki vimejipachika juu ya stenlesi. Siku chache baadaye vinashika kutu, naye anasema bastola imeharibika zaidi. Kwa hiyo stilwuli ya kawaida haipo kabisa katika orodha hii, hata ile laini ya namba 0000 ambayo mafundi wengi huisifia. Wanaisifia kwa bunduki za chuma cheusi, na huko wana haki.

Tambua uso kabla ya kutambua dawa

Bastola za stenlesi hutoka kiwandani na nyuso za aina tatu. Ya kwanza ina mistari myembamba inayokwenda upande mmoja, kana kwamba imepitishwa msasa laini; rivolva (bastola za silinda) nyingi za Ruger na Smith & Wesson ziko hivi. Ya pili imepigwa kwa shanga za kioo, haina mistari, ni ya kijivu iliyofifia na haiakisi sura. Ya tatu imepigwa polishi hadi ikawa kama kioo. Bastola moja inaweza kuwa na mbili kati ya hizo: ubavu wa slaidi una mistari, juu yake pamefifia ili jua lisimpige mlengaji machoni.

Kuna pia zile zinazoonekana kama stenlesi na sivyo. Chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli kina rangi yenye unjano kidogo, na ukikitazama kwenye kingo zilizochakaa utaona tabaka la juu limeisha. Hapo polishi yoyote inakula nikeli. Na kama slaidi ni stenlesi iliyopakwa rangi nyeusi, kama zile za Nitron kwenye SIG Sauer P226, usiguse kwa kitu chochote chenye chembe za kukwaruza; mafuta na kitambaa peke yake.

Kabla ya kuanza

Toa magazini, vuta slaidi, tazama chemba (pale risasi inapokaa) kwa jicho kisha ipapase kwa kidole. Ya silinda, fungua silinda na utazame matundu yote, moja baada ya jingine. Risasi ziende chumba kingine. Usalama ndio sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba mafuta mepesi yanaweza kupenya hadi kwenye kiwashio cha risasi na kuiua.

Fungua silaha kufikia kiwango kinachoruhusiwa na kitabu chake, ondoa vipande vya mpini, basi. Bamba la ubavuni la rivolva liachwe. Likitolewa kwa bisibisi isiyo yake, kichwa cha skrubu kinaliwa na bamba linapinda, hasara kubwa kuliko kutu yenyewe.

Halafu pima unachopambana nacho. Chukua pamba ya masikio yenye mafuta, sugua doa mara kumi. Pamba ikitoka na rangi ya kahawia na doa likapungua, ni kutu ya juu. Ikitoka na rangi lakini ncha ya kijiti cha meno inanasa unapoipitisha pale, tayari kuna kijishimo, na hakuna bidhaa ya chupa itakayokijaza.

Ballistol

Mafuta haya yalitengenezwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya jeshi, yatumike kwenye chuma, mbao na ngozi kwa chupa moja. Sifa inayoyafanya yashinde hapa ni moja: yanachanganyika na maji. Mafuta ya kawaida hayayeyushi chumvi. Ukipaka mafuta ya bunduki juu ya jasho lililokauka, umeifungia chumvi chini ya mafuta, na kutu inaendelea kwa siri. Ballistol ikitiwa maji hugeuka kuwa maziwa meupe. Maji yanachukua chumvi, mafuta yanabaki juu ya chuma maji yakishakauka. Kwa mtu wa Pwani, hiyo peke yake inatosha kulipia chupa.

Anza kwa mchanganyiko: sehemu moja ya Ballistol kwa sehemu kumi za maji, bora maji ya kutia kwenye betri (yale yasiyo na asidi), kwa sababu ya bomba na ya kisima katika miji mingi ya mwambao yana chumvi yake. Tikisa, lowesha brashi ya nailoni au mswaki wa zamani, sugua sehemu zote zilizoshikwa na mkono, futa, rudia mara ya pili. Kausha kwa kitambaa na mashine ya kukaushia nywele kwenye moto wa chini hadi pembe zote ziwe kavu.

Sasa paka Ballistol isiyo na maji juu ya madoa na uiache. Nusu saa inatosha kwa kutu changa. Kwa iliyokaa miezi, usiku mzima. Isugue kwa kitambaa cha fulana kuukuu. Kwa madoa mengi ya rangi ya chai kazi inaishia hapa, uso haujakwaruzika hata kidogo, na hii ndiyo njia pekee iliyo salama kwa nyuso zote tatu.

Ikigoma, tumia brashi ya bronzi au sufi ya bronzi ikiwa imelowa mafuta. Bronzi ni laini kuliko chuma cha bastola, kwa hiyo inang'oa kutu bila kuchimba. Inaweza kuacha michirizi ya rangi ya dhahabu. Usishtuke, si mkwaruzo, ni bronzi iliyobaki juu, na kwenye nyuso zisizopigwa kwa shanga hufutika kwa kitambaa chenye tone la polishi. Hakikisha tu brashi ni bronzi kamili. Nyingi za bei rahisi ni waya wa chuma uliopakwa rangi ya shaba, na hapa ndipo sumaku inafaa: ikinasa nyuzi, irudishe dukani.

Kasoro za Ballistol zipo. Harufu yake ni kali, inakumbusha manemane na sabuni kwa pamoja, na hubaki mikononi. Ulinzi wake wa muda mrefu kwenye unyevu mwingi ni wa wastani. Ikiachwa nene hunata na kukusanya vumbi. Ya kopo la kupulizia hairuhusiwi kwenye mizigo ya ndege, kwa hiyo anayeagizia ndugu akija kutoka Ulaya au Marekani asimtie matatani. Kwa kazi hii chukua ya chupa ya kawaida; ile ya kupulizia inamwagika zaidi kuliko inavyotumika.

WD-40

Ipo kila duka la vipuri, na ndiyo maana watu wanaitumia kwa kila kitu. Ilibuniwa mwaka 1953 huko San Diego ili kufukuza maji kwenye chuma, na kazi hiyo bado inaifanya vizuri. Bastola ikinyeshewa, au ukishaisuuza na maji yakajificha ndani ya mashimo ya skrubu, ipulizie, subiri dakika chache, ifute yote. Kama kilainishi cha kutu pia inasaidia kwa doa jipya.

Kosa ni kuiacha humo kama mafuta ya kulinda. Sehemu yake kubwa huruka hewani, kinachobaki ni utando mwembamba ambao kwenye joto la Dar es Salaam hauchukui muda kupotea. Ikirudiwa mara kwa mara bila kufutwa, huacha gundi ya kahawia ndani ya mitambo, na mtu anaanza kulalamika kwamba kifyatulio kimekuwa kizito. Tumia, futa, kisha paka mafuta ya kweli.

Polishi: Flitz, Mothers na Brasso

Flitz na Mothers Mag & Aluminum hufanya kazi kwa njia moja: chembe laini sana zinazoondoa tabaka jembamba la juu pamoja na kutu iliyoshika hapo. Zote mbili zinaondoa doa ambalo mafuta yameshindwa nalo. Flitz ni ya polepole, na kwa silaha upole huo ni faida. Mothers ilikusudiwa rimu za magari. Inakwenda haraka, na haraka hiyo ndiyo inayowaponza watu.

Kipimo ni chembe moja ya njegere kwa upande mzima wa slaidi. Jaribu kwanza chini ya mpini, mahali pasipoonekana. Sugua sekunde thelathini kwa kidole kilichovikwa kitambaa, futa, tazama kwenye mwanga wa dirisha. Usiongozwe na rangi ya kitambaa. Polishi hugeuka nyeusi juu ya stenlesi hata kama hakuna uchafu wowote, kwa sababu inachofuta ni chuma chenyewe. Mtu anayesubiri kitambaa kitoke cheupe atasugua hadi jioni, na uso wake wa kijivu utakuwa umegeuka kioo. Simama doa linapotoka.

Kwenye uso wa kioo, polishi ndiyo chaguo la kwanza baada ya mafuta, wala hakuna cha kuhofia. Kwenye uso wenye mistari inavumilika kwa doa dogo, mradi mkono ufuate mistari. Ukizidisha, mistari inafifia na panang'aa kuliko jirani yake. Kwenye uso uliopigwa kwa shanga, usipake. Sekunde kumi tu zinaacha duara la kung'aa, na kulirudisha kunahitaji mashine ya fundi.

Brasso iko kila duka la mtaa, kwa hiyo jibu lake linahitajika: hapana. Ina amonia, na amonia haielewani na shaba wala nikeli. Shanga ya kilengeo ya shaba au sehemu iliyopakwa nikeli itaumia. Tena huacha unga mweupe ndani ya herufi zilizochongwa na chini ya vilengeo. Unga huo unashika unyevu, na unyevu unarudisha kutu pale pale.

Popote utakapotumia polishi, kaa mbali na namba ya silaha. Zile tarakimu zikififia, kwa sheria za Kenya na za Tanzania utakuwa na maelezo ya kutoa, na mkaguzi wa leseni hatajali kwamba ulikuwa unaondoa kutu.

Pedi za Scotch-Brite

Hapa rangi ni kila kitu. Ya kijani, ile ya kuoshea vyombo, ina chembe kali za kukwaruza na inaacha mikwaruzo mirefu isiyolingana na kitu. Ya rangi ya damu ya mzee, namba 7447, bado ni kali kwa bastola. Ya kijivu, namba 7448, ndiyo inayokaribiana na mistari ya kiwandani kwenye rivolva nyingi. Nyeupe, namba 7445, ni ya kusafisha tu. Haichimbi kitu, lakini pia haitoi kutu iliyokomaa.

Kwa uso wenye mistari, kijivu hufanya kazi ambayo polishi haiwezi: inaondoa doa na kurudisha mistari kwa pamoja. Kata kipande cha sentimita tano kwa tano, kizungushie kibao kidogo kilichonyooka, tia matone machache ya mafuta. Vuta kutoka mwisho mmoja wa slaidi hadi mwingine bila kusimama katikati, kwa uzito wa mkono tu, upande mmoja, inua, rudi mwanzo. Mivuto minne au mitano, futa, tazama. Usisugue doa peke yake, hata kama linakukera. Ukilishambulia hapo hapo utapata bonde jembamba lenye rangi tofauti na pengine pote. Usizungushe mkono. Ziba herufi na namba kwa utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi. Pedi iwe mpya: iliyowahi kugusa chuma cha kawaida imebeba chembe zake, na itazipanda kwenye stenlesi sawasawa na stilwuli.

Kwa uso wa kioo na uso uliopigwa kwa shanga, pedi hii isikaribie.

Dawa za nyumbani na za kuloweka

Jik ni hipokloriti na Harpic ya choo ina asidi ya hidrokloriki. Zote mbili zinaleta kloridi, adui yule yule aliyeleta kutu, tena kwa wingi. Dakika chache zinatosha kutoboa vijishimo kwenye 416. Ndimu na chumvi, ambayo hufanya maajabu kwenye sinia za shaba, ina kosa hilo hilo kwa sababu ya chumvi. Siki na Coca-Cola zina asidi dhaifu. Zinaweza kupunguza doa, lakini zikiingia kwenye springi na pini, ambazo mara nyingi si stenlesi, zinaacha madhara huko ndani.

Evapo-Rust, dawa ya kulowekea vyuma vyenye kutu, ni ya heshima zaidi. Haina asidi kali, inashika kutu na kuacha chuma. Kwa kipande cha stenlesi kilichotolewa peke yake inafaa, na haigusi uso. Ila weusi wa pini, vilengeo na vifyatulio vya chuma cheusi nao ni aina ya oksidi ya chuma, na dawa hiyo haitofautishi. Ukitumbukiza fremu nzima, utaitoa safi, na vipande vyeusi vitakuwa vya kijivu. Bar Keepers Friend, unga wenye asidi ya oksaliki, hutoa kutu haraka kwenye sinki, lakini una mchanga wake laini na haufai juu ya uso uliofifia.

Baada ya kutu kutoka

Futa kwa spiriti ya isopropili ili mafuta na mabaki ya polishi yatoke, kisha acha silaha wazi mahali pakavu kwa saa kadhaa ili utando wa kromiamu ujirudishe. Viwanda huharakisha hatua hii kwa asidi ya nitriki au ya sitriki. Nyumbani usijaribu, 416 yenye salfa ni rahisi sana kuungua ndani ya asidi na kutoka nyeusi.

Sehemu za ndani zipate mafuta, na reli za slaidi grisi kidogo, maana stenlesi juu ya stenlesi hung'ang'aniana na kuchanika zikiwa kavu. Kwa nje, Renaissance Wax, nta iliyobuniwa katika maabara ya British Museum kuhifadhi vitu vya makumbusho, inashinda mafuta: haishiki vumbi, haichafui shati, na alama za vidole hazifiki kwenye chuma. Paka utando mwembamba, subiri dakika chache, ng'arisha kwa kitambaa. Chini ya vipande vya mpini paka pia. Huko ndiko inakohitajika kuliko kote.

Usilaze bastola ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hunyonya jasho na kulikumbatisha chuma usiku kucha. Ndani ya sefu weka pakiti za silika jeli na uzikaushe au uzibadilishe zinapojaa. Zile zenye punje zinazobadilika rangi hukuonyesha zenyewe. Wakati wa masika, futa silaha kila wiki hata kama hukuitoa.

Vijishimo vilivyokwisha kuchimbika viache. Vikishasafishwa na kupakwa nta haviendelei kwa urahisi, na kuvisawazisha maana yake ni kushusha uso wote hadi kina chao. Kama ni vingi mno, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni, umwambie uso wa awali ulikuwa wa aina gani na aanzie upande usio na namba. Vilivyo ndani ya mtutu au kwenye chemba havihusiani na sura. Hapo usifyatue risasi nyingine kabla hajaipima.